TCP/IP kwenye PDP-11: 11/73 ndiyo, 11/34 hapana
Kwa 2.11BSD (toleo la Unix la PDP-11, kompyuta za zamani za kampuni ya DEC), modeli ya 11/73 inaingia mtandaoni vizuri kwa TCP/IP, yaani kanuni za mawasiliano za intaneti. 11/34 haitaweza, hata uiongezee memori. Anwani za PDP-11 ni za biti 16, kwa hiyo kernel (kiini cha mfumo) huona KB 64 za maagizo na KB 64 za data tu, ingawa 11/73 hubeba hadi MB 4. Nafasi hiyo haitoshi, ndiyo maana msimbo wa mtandao ulitolewa kwenye kernel ukawekwa kwenye hali ya supavaiza (hali ya kichakataji iliyo kati ya ile ya kernel na ile ya programu za kawaida), yenye ramani yake ya memori. Ufumbuzi mzuri sana! Angalia kwenye saraka kuu: kuna faili mbili, unix (kernel) na netnix (msimbo wa mtandao). 11/34 haina hali hiyo. Ukikosa kadi ya Etheneti, tumia SLIP (njia ya kupitisha data ya mtandao) kwenye laini ya siriali, ila ni polepole.