Maswali na Majibu: Ng'ombe Kunona Si Afya

*Daktari, ng'ombe wangu ana siku ya sita tangu azae. Majani anakula, pumba hagusi, maziwa yanashuka, na pumzi inanuka kama dawa ya kufuta rangi ya kucha. Nimpe dawa ya minyoo?*

Minyoo tena! Kila wiki mimi na minyoo. Hiyo harufu ni asetoni, na ng'ombe mzazi anayesusa pumba akatafuna majani ana ketosi mpaka kipimo kikatae: damu imejaa ketoni, mabaki ya mafuta ya mwili yanayoyeyushwa chakula kisipotosha. Mtoe tone la damu mshipa wa mkiani, ulipime kwa kile kipimo cha ketoni cha mkononi. Kuanzia milimoli 1.2 kwa lita, ketosi ipo hata kama haonyeshi dalili. Ikifika 3 hakuna ubishi. Usichukue damu kwenye ule mshipa mnene wa tumboni, hata kama ndio unaokuita: kiwele hutumia ketoni, kwa hiyo damu itokayo huko itakudanganya kwamba yu mzima. Mpe propilini glikoli, kimiminika cha kumwongezea sukari mwilini, mililita 300 kwa kinywa, mara moja kwa siku, siku 3 hadi 5, na kichwa usikiinue sana isije ikaingia mapafuni. Halafu mwite daktari amgonge ubavu wa kushoto na kusikiliza. Tumbo la nne likihama, ketosi huja nayo.

*Vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo vinafaa?*

Vinafaa. Msugue taratibu chini ya uke. Kama nusu yao watakojoa, wengine watageuka kukutazama tu.

*Ng'ombe wangu waliokaushwa, wasiokamuliwa wakingoja kuzaa, wamenona, kila anayepita anawasifu. Nitajuaje yupi ini lake litajaa mafuta?*

Wanaowasifu hawatakuwepo siku ya kuzaa. Pita kwa mkono, usipite kwa macho. Shika shina la mkia: kama vidole vinazama kwenye mafuta na mifupa ya nyonga imefunikwa ikawa mviringo, huyo amefika 4 kwenye kipimo cha 1 hadi 5. Azae akiwa 3 hadi 3.5.

Mnene hupoteza hamu ya kula mapema, wakati ndama na maziwa vinadai nguvu. Mwili unayeyusha mafuta yake, yanamwagika kwenye damu, ini linayapokea. Ini la ng'ombe ni hodari wa kupokea mafuta na mzito mno wa kuyatoa, basi yanabaki humo. Ndiyo maana dalili za baada ya kuzaa ni habari ya zamani. Ukitaka kutabiri, pima asidi huru za mafuta kwenye damu siku 14 hadi 2 kabla ya kuzaa, muda mfupi kabla hajalishwa. Zikipita karibu milimoli 0.3 kwa lita, mweke chini ya ulinzi.

Na tafadhali, usimnyime chakula ili akonde! Mkavu mnene ukimshindisha njaa, umelijaza ini kwa mkono wako. Unene hurekebishwa akiwa bado anakamuliwa.

*Maabara inasema AST, kimeng'enya cha kwenye damu, imepanda. Ni ini?*

Pengine. Ng'ombe aliyelala chini siku nzima misuli yake nayo huipandisha. Vimeng'enya vingine, GGT na GLDH, viko karibu zaidi na ini, lakini havisemi kama ni mafuta. La uhakika ni kipande cha ini kilichotolewa kwa sindano: mafuta yakizidi asilimia 10 ya uzito wake mbichi, hali ni mbaya. Kilichojaa sana ukikitia majini huelea.

*Nina ng'ombe 40, kuwapima wote siwezi.*

Nani kakwambia wote? Pima ketoni za damu kwa 12 kadiri wanavyozaa, ndani ya wiki mbili za kwanza. Wawili wakivuka 1.2, acha kumlaumu ng'ombe, kaangalie hori la wakavu.

*Nasikia monensini, dawa ya kuchanganywa kwenye chakula cha ng'ombe, huzuia ketosi.*

Hupunguza, kwa maelekezo ya daktari wako. Ukiwa na farasi, mfuko huo usikaribie chakula chake. Kiasi kidogo tu humuua.