Maswali ya Wasomaji: Redio ya Kompyuta Pwani ya Tanga

Safari hii tunajibu maswali kuhusu SDR, yaani redio ambayo kifaa chake kidogo hunasa mawimbi na kuyageuza namba, kisha programu ya kompyuta ikafanya kazi yote iliyobaki: kuchagua masafa, kuchuja na kutoa sauti.

Ndugu Mhariri, nakaa Raskazone. Nataka kuona kwenye laptopu meli zinazoingia na kutoka bandarini, na ikiwezekana nisikie chaneli 16, ile ya wito na dharura za meli. Mtandaoni vifaa vinaanzia dola kumi na kitu hadi mamia ya dola. Ninunue kipi?

Nunua RTL-SDR Blog V3 au V4, vifaa vidogo vya SDR vya kuchomeka kwenye USB, na pesa itakayobaki ipeleke kwenye antena na kebo. Kwa kazi yako, kifaa cha dola 40 chenye antena juu ya paa kitakishinda cha dola 300 chenye antena dirishani, tena kwa mbali.

Ndani ya V3 na V4 mna chipu ya RTL2832U, ambayo asili yake ni kipokezi cha televisheni. Inasoma kwa biti 8 na kuonyesha kipande cha 2.4 MHz kwa wakati mmoja. Ukiilazimisha ifike 3.2, itaanza kupoteza sampuli. Masafa yake ya kawaida ni kuanzia 24 MHz hadi karibu 1,766 MHz, ila V3 na V4 zina njia ya kushuka hadi masafa mafupi. Vile vya bei ya chini kabisa vinatumia chipu hiyohiyo, ila fuwele inayoshikilia masafa ni dhaifu. Ikikosea sehemu 50 katika milioni, kwenye 162 MHz utakuwa nje kwa 8.1 kHz, na chaneli ya meli ina upana wa 25 kHz tu. Unaona mawimbi yanapita kwenye skrini lakini programu haitoi hata jina moja la meli. Fuwele ya V3 na V4 hukosea kama sehemu 1 katika milioni, yaani Hz 162. Epuka za bandia zenye nembo ileile, zipo nyingi.

Meli hujitangaza kwa mfumo wa AIS kwenye 161.975 na 162.025 MHz: jina, mahali ilipo, mwendo na uelekeo. Programu ya AIS-catcher inasoma masafa yote mawili kwa kifaa kimoja, na unaweza kupeleka taarifa hizo kwenye ramani ya bahari ya programu ya OpenCPN. Chaneli 16 ya sauti iko 156.800 MHz, zaidi ya 5 MHz chini yake, kwa hiyo kifaa kimoja cha 2.4 MHz hakiwezi kushika vyote viwili kwa pamoja. Ukivitaka vyote saa zote, nunua vifaa viwili vya RTL. Bado itakuwa nafuu kuliko kimoja cha gharama.

Sasa antena, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Gawanya 71.25 kwa masafa ya MHz, utapata urefu wa robo wimbi kwa mita. Kwa 162 MHz ni sentimita 44. Fimbo ya urefu huo yenye kitako cha sumaku ikisimama katikati ya bati la chuma inapokea vizuri sana, kwa sababu bati lenyewe linakuwa nusu ya pili ya antena. Bati la alumini linafaa vilevile, ila sumaku haitashika, itakubidi ufunge kwa kibano. Lakini fimbo hiyohiyo ukiiweka sebuleni chini ya bati, ni kama umeifunika sufuria.

Kimo nacho kina hesabu yake. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha kimo cha antena ya meli, kisha zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ya mita 9 na ya meli mita 25: 3 ongeza 5 ni 8, mara 4.12, kama kilomita 33. Antena iliyo mita 1 kutoka usawa wa bahari inaishia kilomita 25, tena kama hakuna ukuta mbele yake. Ndege iliyo mita 10,000 juu unaifikia kwa zaidi ya kilomita 400, ndiyo maana wanaofuatilia ndege kwenye 1090 MHz wanapata matokeo mapema kuliko wanaofuatilia meli.

Kebo tumia RG-6, ileile ya dishi. Ni ya omu 75 na kifaa ni cha omu 50, lakini tofauti hiyo inakula chini ya desibeli 0.2. Kebo nyembamba kama uzi wa simu, RG-174, mita 10 zake zinakula karibu desibeli 10 kwenye 1,000 MHz, wakati RG-6 inakula kama 2. Utahitaji kiungo cha kutoka F, kichwa cha kebo ya dishi, kwenda SMA, tundu la kifaa.

HackRF One, kifaa kingine cha SDR, inawavutia wengi kwa sababu inafika 6 GHz na inaweza kurusha. Kwa kusikiliza tu nayo ni ya biti 8, haikuongezei kitu kwenye masafa ya meli. Na kurusha bila leseni ya TCRA ni kosa. Hata kwa kusikiliza, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini. AIS hutangazwa ili kila mmoja aipokee. Simu za watu na mawasiliano ya vyombo vya usalama yaache kabisa.

Nimechomeka V4 kwenye Windows, taa imewaka, lakini programu inasema haioni kifaa. Rafiki yangu wa hapa Chumbageni anatumia Linux naye kakwama. Tufanyeje?

Windows imekipa draiva ya televisheni. Pakua Zadig, programu ya kubadilisha draiva, ifungue kama msimamizi, na kwenye menyu ya «Options» weka alama kwenye «List All Devices». Chagua «Bulk-In, Interface (Interface 0)», hakikisha namba ya USB ni 0BDA 2838, upande wa kulia uwe WinUSB, kisha bonyeza kitufe cha kubadilisha draiva. Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza: orodha hiyo ina kipanya na kibodi pia, na ukiibadilisha draiva ya kipanya utakipoteza hapohapo. Ukihamisha kifaa kwenye tundu jingine la USB, huenda ukarudia kazi hii.

Mwenye Linux, kerneli, yaani kiini cha mfumo, imekichukua kifaa kabla ya programu. Andika mstari `blacklist dvb_usb_rtl28xxu` kwenye faili mpya ndani ya /etc/modprobe.d/, washa kompyuta upya, kisha endesha `rtl_test`. Ikilalamika kuhusu ruhusa, faili ya kanuni za udev, zinazotoa ruhusa ya kutumia vifaa vya USB, haijawekwa.

V4 ina jambo lake la pekee kwenu nyote: chipu yake ya kuchagua masafa ni R828D, na maktaba za zamani za rtl-sdr haziielewi. Inafunguka, inaonyesha kelele, lakini stesheni hazipo mahali pake. Weka maktaba mpya inayotolewa na RTL-SDR Blog, au tumia toleo jipya la SDR++, programu ya kusikilizia, lililokuja nayo.

Tundu la USB 2.0 linatosha. Usipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake, maana kifaa kinavuta kama miliampea 280.

Nikienda masafa ya ndege nasikia taarabu na matangazo ya FM. Kifaa kibovu? — Msomaji wa Ngamiani

Hakijaharibika, kimezidiwa. Uko karibu na mnara wa FM na umeweka ukuzaji mpaka mwisho, 49.6. Shusha hadi sifuri, kisha panda hatua kwa hatua ukiangalia sakafu ya kelele, yaani usawa wa chini wa kelele kwenye skrini, na mawimbi unayoyataka. Hatua ambayo sakafu inapanda lakini mawimbi hayapandi nayo, rudi moja nyuma na ubaki hapo. Zima ukuzaji wa kujiendesha. FM ikiendelea kuvamia, weka kichujio kinachozuia 88 hadi 108 MHz kati ya antena na kifaa.

Hakikisha pia umechagua AM. Ndege hazitumii FM. Na ukikuta mstari usiosogea kwenye 144.000 au 115.200 MHz, huo unatoka ndani ya kifaa: ni vizidisho vya fuwele yake ya 28.8 MHz.

Masafa mafupi usiku ni kelele tupu.

Endesha laptopu kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, usikilize 7.0 hadi 7.2 MHz. Kelele ikipotea, mchawi yuko ndani: taa za LED, chaja, au kidhibiti cha sola. Washa kimoja kimoja umjue. Kisha sogeza antena mbali na nyumba. Waya wa mita 10 uani, mbali na nyaya za umeme, unatosha kuanzia. Ukipenda masafa mafupi kuliko yote, hapo ndipo Airspy HF+ Discovery, SDR ya gharama zaidi, inapostahili bei yake.

Kutoka Pangani: nasubiri picha za hali ya hewa za NOAA 19 kwenye 137 MHz, setilaiti inapita na sioni kitu.

NOAA 15, 18 na 19, setilaiti za Marekani, zote zilizimwa mwaka 2025. Maelekezo mengi ya zamani hayajarekebishwa. Elekeza juhudi zako kwa Meteor M2-3 na M2-4 za Urusi, kwenye 137.900 au 137.100 MHz. Tumia programu ya SatDump na uchague LRPT, mfumo wa dijitali ambao Meteor hurushia picha. M2-3 mawimbi yake ni dhaifu kwa sababu inaaminika antena yake haikufunguka sawasawa angani, kwa hiyo anza na M2-4.

Antena ni fimbo mbili za sentimita 53, zilale sambamba na ardhi zikifanya pembe ya digrii 120, mdomo wa pembe uelekee kaskazini au kusini. Chagua mapito yanayopanda zaidi ya digrii 30. Mawimbi haya ni ya dijitali: yakipungua kidogo tu picha inakatika mistari, haififii polepole kama ilivyokuwa kwa NOAA.

Antena ilianza vizuri, sasa meli za mbali zimepotea. Nipo mita chache kutoka ufukweni.

Ni chumvi. Fungua kiungo cha juu. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, maji yameingia, na matundu ya waya wa kusuka yameyafyonza kwenda chini. Kebo iliyolowa haikaushiki. Kata mpaka ufike shaba inayong'aa, uweke kiungo kipya. Usikutanishe shaba na alumini moja kwa moja, kwa sababu kwenye unyevu wa chumvi alumini inaliwa haraka. Weka skrubu na washa za chuma kisichoshika kutu katikati.

Funga kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uuvute mpaka urefuke, uanzie chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake na maji yateleze nje. Juu yake ongeza utepe wa kawaida wa umeme, maana jua linaula mpira. Kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ya tundu, matone yadondokee hapo. Kagua kabla ya masika na kabla ya vuli, na mawingu ya radi yakikusanyika chomoa kebo kwenye kifaa uiache nje ya dirisha.