Miezi 38 ya kiwanda cha samaki

Mlinzi wetu pale hotelini alistaafu mwaka jana akiwa na miaka 60 na miezi 171 ya michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi mpaka siku zako ziishe, unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Alipungukiwa miezi tisa. Akapewa mkupuo wake, yaani malipo ya mara moja, akashukuru, akajiandaa kurudi kwao Magu.

Siku ya kumuaga tulikula wali na sato chini ya mwembe wa nyuma ya jiko. Katika mazungumzo akataja, kama jambo la kupita tu, kwamba ujanani alifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na huko nako walikuwa wanamkata. Nikaacha kula.

"Kaka, hiyo miaka miwili uliwaambia?"

"Aa, mdogo wangu, zile zilikuwa hela za karanga."

Usiku ule usingizi ulinipaa, maana hela za karanga na mimi nilikuwa nazo. Mwaka 2001 niliajiriwa kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nikakaa hadi 2004. Baadaye nikawa karani wa shule moja binafsi upande wa Nyakato, na huko tulichangia PPF, mfuko mwingine wa pensheni. Halafu nikaingia duka la jumla la vifaa vya ujenzi, NSSF tena, lakini kwa namba nyingine kabisa, kwa sababu mwajiri aliniuliza kama nina kadi nikajibu sijui iko wapi. Tangu 2017 niko hotelini. Vipande vinne, na katika akili yangu ni kimoja tu kilichohesabika, hiki cha sasa. Vile vitatu nilivihesabu kama nyavu zilizochanika: unajua ziko darini, lakini huzitegemei.

Ninaandika haya kwa ajili ya kila aliyepita kiwandani, dukani, shuleni, mgodini, akaondoka na kuacha nyuma yake mchango mdogo. Hapa ukanda wa Ziwa tuko wengi. Kazi zetu ni za misimu, sangara wakipungua kiwanda kinapunguza watu, na mtu wa miaka 45 anaweza kuwa na waajiri saba.

Jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa ni hili. Katika mafao yetu, kinachobeba uzito ni miezi. Sisi tumezoea kuuliza "nina shilingi ngapi kule?", tukisikia ni laki sita tunaachana nazo. Lakini pensheni haihesabiwi kwa kujumlisha shilingi ulizoweka. Inachukuliwa idadi ya miezi uliyochangia, inagawanywa kwa 580, kisha inazidishwa na wastani wa mshahara wako wa mwaka, na wastani huo ni wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Soma tena hapo. Mwezi uliouchangia ukiwa kijana unalipwa mshahara mdogo unakuja kupimwa kwa mshahara wako wa uzeeni.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu kwa namba za mviringo ili nielewe. Tuseme kiwandani nilikuwa nalipwa 90,000 kwa mwezi. Mchango wote ni asilimia 20, wangu na wa mwajiri, kwa hiyo 18,000. Kwa miezi 38 ni shilingi 684,000. Hizo ndizo hela za karanga. Sasa tuseme nitastaafu wastani wangu ukiwa 700,000 kwa mwezi, yaani 8,400,000 kwa mwaka. Miezi 38 gawanya kwa 580, zidisha kwa 8,400,000, inakuja kama 550,000. Na hiyo ni nyongeza ya kila mwaka, kabla ya kutenganisha sehemu ya mkupuo na sehemu ya kila mwezi. Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Najua watu wamebishana sana kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, ile asilimia 25 ya mwaka 2018 na baadaye 33 ya mwaka 2022, na wana haki ya kubishana. Ila mabishano yale yanahusu namna ya kugawa chungu: kiasi gani uchukue kwa mkupuo, kiasi gani uje ulipwe kidogo kidogo. Ukubwa wa chungu chenyewe unatokana na miezi, na miezi ni kitu ambacho unaweza kukihangaikia leo bila kusubiri Bunge.

Kwa hiyo, namba zako uziunganishe au usiziunganishe?

Kama una namba mbili ndani ya mfuko uleule, mimi sioni sababu yoyote ya kuziacha zilivyo. Nenda ukaombe ziunganishwe. Nilienda na kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya mwajiri wa sasa, na mfuko wa karatasi zangu zote. Kijana wa dirishani alinipa shikamoo, akaingiza namba ya kwanza kwenye kompyuta, akanyamaza, akageuza kioo nione. "Mama, huyu ni wewe?"

Jina langu la kwanza lilikuwa sahihi. Jina la baba lilikuwa na L mahali pa R. Nikakumbuka asubuhi ile kiwandani: mabuti meupe, barafu inayeyuka sakafuni, karani ameinamia daftari anatuuliza majina mmoja mmoja huku mashine zinanguruma. Mimi ni mtu wa Ukerewe, jina la baba nililitamka kama tunavyolitamka nyumbani, naye akaliandika kama alivyolisikia. Kadi nilipopewa niliitia mfukoni sikuisoma. Herufi ile moja imenigharimu safari nne za mjini na hati ya kiapo kwa wakili. Ilirekebishwa, na leo namba yangu ni moja. Lakini ningekuwa nimefariki kabla, mume wangu angewezaje kuthibitisha kwamba mtu yule wa L ni mkewe? Chukua kadi yako sasa hivi ulinganishe na NIDA, herufi kwa herufi, pamoja na mwaka wa kuzaliwa.

Michango ikiwa mifuko miwili tofauti, mambo yanakwenda kivingine. PPF niliyochangia shuleni haipo tena kwa jina hilo. Agosti 2018 iliunganishwa na mifuko mingine mitatu, PSPF, LAPF na GEPF, ikawa mfuko mmoja wa PSSSF. Nilidhani itabidi nihamishe fedha kutoka PSSSF kwenda NSSF, nikaanza kuogopa kwamba zitapotelea njiani. Nilichoelekezwa kikanituliza: miezi inaweza kujumlishwa kwa ajili ya kutimiza zile 180, na kila mfuko ukalipa sehemu ya kipindi ulichokushikilia. Kwa hiyo hapa kazi yako ni kuhakikisha kila mfuko unakutambua kwa jina moja na NIDA moja, uchukue taarifa ya michango ya kila upande, na siku ya kudai useme wazi kwamba una kipindi kingine kule. Mlinzi wetu hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Usitegemee kuulizwa.

(Aliyefanya kazi Kisumu au Nairobi akakatwa NSSF ajue ule ni mfuko wa Kenya, wa huku hauna rekodi zake hata kama jina ni lilelile. Hilo ni dai la kufuatiliwa kulekule.)

Sasa nije kwenye kidonda. Duka lile la vifaa nilifanya kazi miezi 31. Taarifa ya michango ilionyesha 26. Miezi mitano nilikatwa kwenye mshahara na fedha haikufika. Nisingejua kama nisingekuwa na slipu zangu, ambazo kwa bahati mama yangu alinifundisha kutochoma karatasi yenye mhuri. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, zimekunjwa kwa mwaka. Nilizipeleka NSSF, nikaandika barua, nikagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Mwajiri huwa na mwezi mmoja tu baada ya mwezi husika kuisha kuwasilisha mchango, na mfuko una nguvu ya kisheria ya kumdai. Wewe huna nguvu hiyo, una slipu. Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoanza kazi leo Igogo, Ilemela, Nyegezi: slipu yako ipige picha kila mwezi, na angalia michango yako kwenye simu kila baada ya miezi mitatu. NSSF wana mlango wa mwanachama kwenye tovuti, PSSSF wana programu ya PSSSF Kiganjani. Miezi miwili ikikosekana, mwajiri bado yupo na ofisi bado ina mhasibu aliyekukata. Ukisubiri miaka kumi, utakuta godauni limekuwa kanisa.

Kuna wenzangu wa kiwandani ambao mwaka 2004 walichukua fao la kujitoa, wakati huo likitolewa. Mmoja alinunua injini ya mtumbwi, akasomesha watoto wawili kwa dagaa wa Mwaloni. Siwezi kusema alikosea, kwa sababu nilimwona na nilijua nyumba yake ilikuwa inaliaje. Lakini miezi uliyolipwa imekufa, hairudi kuungana na mingine. Kwa hiyo kabla hujakimbilia kutoa chochote unachoruhusiwa kutoa, hesabu kwanza: kwa umri wako, ukiendelea kuchangia hadi 55 au 60, utafika 180 bila miezi hiyo? Kama utafika kwa mbali, una nafasi ya kufikiri. Kama unagusa 170, ishike miezi hiyo kama mboni ya jicho. Na kama umeshaacha ajira, unaweza kuendelea mwenyewe kwa hiari. NSSF wana Hifadhi Skimu kwa mama lishe, mvuvi, bodaboda, yeyote aliyejiajiri.

Tena uwe macho na vishoka. Alinifuata mmoja nje ya ofisi, kapiga tai, akaniambia kwa laki moja atanimalizia kila kitu kwa siku mbili, nimpe tu kadi na namba ya siri ya simu. Huduma ya kuunganisha namba sikutozwa hata senti. Nilicholipa ni nauli na wakili.

Hesabu yangu leo iko hivi. Hotelini miezi 96, kiwandani 38, dukani 26 bila kuhesabu ile mitano iliyokosekana. Jumla 160 ndani ya NSSF. PSSSF nina 49. Mimi niliyekuwa najiona nina 96, niliyekuwa nimejipangia kufanya kazi hadi karibu 60 ndipo nipate sifa, nimeshavuka 180 nikiwa na miaka 52. Kilichobaki ni umri.

Ile mitano ya dukani, mwezi uliopita niliangalia taarifa nikakuta mitatu imeingia. Miwili bado. Jumatatu napanda daladala ya asubuhi na kopo langu.