Ukianza kliniki ya kisukari, pandisha shati la mgonjwa kwanza

Ukiripoti kliniki ya kisukari katika hospitali ya kufundishia huku magharibi mwa Kenya, utapewa glukomita (kifaa cha kupimia sukari ya damu), rundo la faili na foleni iliyojipanga tangu alfajiri. Nakusihi jambo moja: sukari ikikataa kushuka, usikimbilie kuongeza dozi. Mwambie mgonjwa akuonyeshe anavyojidunga insulini.

Nilifunzwa hili na mzee mmoja, mkulima wa mpunga kutoka pande za Ahero. Kila mwezi sukari yake ilipita 15 (mmol/L), nasi kila mwezi tukaongeza yuniti za insulini. Kwenye faili niliandika "hafuati maagizo". Siku moja mwanafunzi wa uuguzi akamwambia, "Mzee, naomba upandishe shati." Kando ya kitovu palikuwa na vinundu laini kama mpira. Alikuwa akijidunga papo hapo miaka yote, maana hapaumi tena, na insulini haifyonzwi sawasawa penye vinundu. Maagizo yetu aliyafuata yote. Ni sisi hatukuwahi kumwonyesha kuhamahama, yaani kubadilisha mahali pa kujidunga. Maneno yale ya kwenye faili yananiuma mpaka leo.

Lakini usimhamishe mahali pa kujidunga kwa pupa. Dozi ile kubwa ikiingia penye ngozi nzima, sukari huporomoka. Daktari aipunguze kwanza, na mgonjwa apime mara nyingi siku hizo. Waeleze na wa nyumbani dalili: kutetemeka, kijasho chembamba, njaa ya ghafla, maneno yasiyoeleweka. Ikishuka chini ya 4, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Uliza pia insulini inalala wapi. Wengi hawana friji, na wanaona haya kusema. Chupa iliyofunguliwa hukaa kama wiki nne ikiepushwa na joto kali. Chungu cha udongo juu ya mchanga wenye maji, kivulini, kinasaidia sana kwenye joto hili la kando ya ziwa. Iliyowahi kuganda barafu itupwe.

Kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi hiyo) nacho usikiamini kibubusa. Huku selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) ni ugonjwa wa nyumba nyingi, na damu ya mwenye selimundu inaweza kutoa majibu mazuri kumbe sukari iko juu. Yasipolingana na glukomita, uliza habari za selimundu na za kuongezewa damu.

Kwa kuwa ni hospitali ya kufundishia, utafiti unaoshirikisha wagonjwa utakukuta tu. Usimwombe mgonjwa ridhaa ya kushiriki huku umeshika dawa zake mkononi. Mhudumie kwanza, halafu mweleze kwa Kiluo, Kiluhya au lugha yoyote anayoielewa vizuri, asikie waziwazi kwamba akikataa atatibiwa vilevile.

Yule mzee sasa anazunguka: tumbo kushoto, tumbo kulia, paja hili, paja lile. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemwekea alama kwenye daftari, na kila kliniki mzee hulitoa mfukoni kabla hata hajaketi.