Kabla hujanunua pampu, tafuta pipa

Msimu wangu wa kwanza wa vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, hela ya petroli iliniishia vitunguu vikiwa bado vinanenepa. Ekari moja tu! Nilikuwa nimepiga hesabu ya mbegu, mbolea, dawa na vibarua wa kupandikiza. Kwenye maji niliandika bei ya pampu, basi, maana mto ulikuwa palepale.

Kilichoniponza ni maandishi ya kwenye boksi. Pampu ya inchi 3 iliandikwa lita 60,000 kwa saa, nami nikaamini. Kumbe hicho ni kipimo cha pampu isiyopandisha maji popote. Shamba langu liko juu ya mto na mpira wa kutolea maji unapita mita 100. Mwaka uliofuata nikaweka pipa la lita 200 mwisho wa mpira, kijana mmoja akashika simu kuhesabu. Lilijaa kwa sekunde 24. Yaani lita 30,000 kwa saa, nusu kamili.

Hesabu yenyewe ni hii. Milimita 1 ya maji kwenye ekari ni karibu lita 4,000. Kiangazi, kwa kitunguu kilichokwisha kushika, mimi huweka milimita 5 kwa siku. Ukimwagilia kila siku ya 5, hizo ni lita 100,000. Lakini ukimwagilia kwa mfereji na majaruba (vitalu vilivyozungushiwa matuta), maji mengine huzama njiani. Yakiufikia mmea asilimia 60 tu, inabidi usukume kama lita 167,000. Kwa pampu yangu ni saa tano na nusu. Inakunywa petroli lita 1.3 kwa saa, kwa hiyo kila zamu ni lita 7 na kidogo. Kwa siku 90 ni zamu 18, lita 130. Zidisha kwa bei ya dumu la kijijini kama huko ndiko unakonunua, siyo bei ya kituoni.

Ongeza posho ya anayegeuza maji kwenye majaruba, oili, mpira ukipasuka, na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde lako. Wiki mbili za mwisho usiziweke kwenye hesabu: majani yakianza kulala, maji yanakatwa.