Mtoto ana kivimbe tumboni, nyanyake asema ni bandama

SWALI: Asalam aleikum dada. Mwanangu ana miaka mitatu, juzi namuogesha nikampaka sabuni tumboni nikashika kitu kigumu ubavu wa kushoto chini ya mbavu, nikimuuliza kama yauma asema hapana, acheza na kula kama kawaida. Nyanyake asema ni bandama apelekwe akachuliwe na kuchanjwa chale, jirani naye kanitia hofu ati yaweza kuwa kansa ya figo. Kwani watoto wapata kansa? – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza kabisa, hilo tumbo lisichuliwe wala kubonyezwa-bonyezwa na mtu yeyote, kama ni uvimbe wa figo waweza kupasuka ndani na ugonjwa ukasambaa. Nyanyake hajakosea kuwaza bandama, malaria huivimbisha na yenyewe iko huko huko kushoto, lakini kwa mkono tu hamuwezi kujua, kinachojua ni altrasaundi, kipimo cha picha ya tumbo kisichouma hata kidogo.

Na ndio, watoto wapata kansa. Hii ya figo inayowapata sana walio chini ya miaka mitano inaitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1899. Ubaya wake ni kuwa mara nyingi hauumi, mtoto acheza tu, na mama ndiye huugundua akimuogesha kama wewe. Wengine hukojoa damu, au joto lapanda bila sababu, presha nayo yaweza kupanda. Si husda, si laana, wala haiambukizi.

Ikiwa ndiyo, usikate tamaa maana inatibika: dawa za kuua kansa (kemo), upasuaji wa kutoa figo lenye uvimbe, wengine huongezewa mionzi, na mtoto huishi vizuri na figo moja. Nchi zilizoendelea karibu watoto 9 kati ya 10 hupona. Huku kwetu twawapoteza wengi kwa sababu wanafika uvimbe ushakuwa mkubwa, ama dawa zaachwa katikati mtoto akionekana ana nafuu, na hilo laniuma sana.

Kwa hivyo kesho asubuhi mpeleke hospitali ya Coast General pale Makadara, Mombasa, beba kitabu chake cha kliniki, SHA, ile bima ya afya ya serikali, kama hujajisajili anza leo, na wakikupa dawa ya minyoo tu wakakwambia urudi nyumbani usikubali, waombe wampige picha ya tumbo kwanza.