Kuvu Kwanza, Mche Baadaye: Niliyojifunza Katika Kurudisha Miombo

Shamba alilotuachia marehemu baba wilayani Sikonge, mkoani Tabora, lililimwa tumbaku kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuni zote za kukaushia majani katika mabani zilitoka katika miombo iliyolizunguka. Nilipoacha kilimo hicho mwaka 2013 niliazimia kurudisha msitu katika ekari sita, nikidhani kwamba kazi yenyewe ni kuotesha miche mingi na kuipanda kwa mistari. Niliotesha miche 400 ya mtundu na mtondoro, miti mikuu ya miombo yetu, katika viriba nilivyojaza mchanga wa mtoni, samadi iliyooza na mbolea ya kupandia, kama nilivyozoea kufanya kwa miembe na mipapai. Kitaluni ilistawi, kwa kuwa mche mchanga huishi kwanza kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu. Lakini ilipofika shambani iligeuka manjano, ikadumaa, na msimu wa pili wa mvua ulipoingia nilihesabu miche 31 tu iliyobaki hai.

Nililaumu mvua, nikalaumu mchwa. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya misitu maisha yake yote. Aling'oa mche wangu mmoja, akachimbua na mwingine uliojiotea wenyewe pembeni mwa msitu, akaisuuza mizizi ya yote miwili katika ndoo ya maji, kisha akanipa lenzi nitazame. Ncha za mizizi ya mche wa msituni zilikuwa nene, zenye vitawi vifupi, zimevikwa ala nyeupe kama soksi, na katika ala hiyo zilichomoza nyuzi nyembamba mno zilizoshikamana na udongo. Ncha za mche wangu zilikuwa tupu.

Ala ile ni kuvu. Mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa ubia huu jina la maikoraiza mwaka 1885, maana yake kuvu na mzizi. Nyuzi zake hupenya pale ambapo mzizi hauwezi kufika, zikauletea mti maji na virutubisho, hasa fosforasi na naitrojeni, nao mti huilisha kuvu sukari iliyotengenezwa na majani. Wengi wetu, kwa kuwa mtundu ni wa jamii ya kunde, tunadhani kwamba hujipatia naitrojeni kwa vifundo vya mizizi kama maharage. Sivyo: mitundu na mitondoro haina vifundo hivyo, na katika udongo wetu wa kichanga kuvu ndiyo tegemeo lake. Mialoni ya Ulaya huishi kwa ubia wa aina hiihii, na misonobari vilevile. Ndiyo sababu misonobari ya kigeni ilipoletwa Afrika ilidumaa katika vitalu vingi, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa. Mahindi, tumbaku na mbaazi hutumia kuvu ya aina nyingine, inayoingia ndani ya seli za mzizi bila kuuvika ala. Kwa hiyo shamba la zamani linaweza kuwa na kuvu tele, na bado likakosa ile inayohitajiwa na mtundu.

Tangu hapo nafanya hivi. Mbegu naziokota mara tu maganda yanapopasuka mwishoni mwa kiangazi, na kuzisia zikiwa mbichi. Udongo nauchukua chini ya mitundu mikubwa yenye afya iliyo karibu na shamba, kiasi cha kina cha kiganja, pamoja na vijizizi vyake, nikichota kidogokidogo katika miti mingi ili nisiuumize hata mmoja. Naubeba ukiwa na unyevu, bila kuuanika juani, na kuutumia ndani ya siku mbili: debe moja kwa madebe manane ya mchanganyiko wa kawaida. Mbolea ya kupandia nimeiacha kabisa kwa miche hii, kwa sababu fosforasi ikizidi mizizi haiikaribishi kuvu. Tafadhali usiagize udongo kutoka mbali, kwani utaleta na magonjwa ya mizizi yasiyo ya kwenu.

Hata hivyo, jambo lililonipa matokeo makubwa kuliko yote halikuwa la kitaluni. Niliacha kupanda katikati ya shamba. Sasa naanzia pale msitu ulipo hai, mita chache kutoka ukingoni, ambapo mizizi ya miti mikubwa na kuvu zake tayari imo ardhini, na kila visiki vinapochipua navilinda, nikiacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na kupogoa mengine. Kisiki hai kina mizizi ya miaka mingi, na mizizi hiyo imeshavikwa kuvu. Ninajuta kwa dhati visiki nilivyoving'oa mwaka wa kwanza ili mistari yangu inyooke.

Kuhusu mimea ya kuandamana na miche, wa kwanza kwangu ni mkusu. Huvumilia udongo mchovu, hutoa matunda ambayo watoto wanayapenda, na mizizi yake hupokea kuvu za kundi lilelile la mtundu, kwa hiyo mche uliopandwa jirani na mkusu hauanzi maisha peke yake. Mbaazi naipanda upande wa magharibi wa kila mche, kwa ajili ya kivuli cha jua la alasiri na majani yanayorutubisha udongo, kisha naikata baada ya miaka miwili isije ikaubana.

Moto unaweza kufuta kazi hii yote kwa mchana mmoja. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha kwamba miombo inayochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hugeuka kuwa nyasi. Safisha njia ya moto kabla ya mwezi wa sita. Usikate tamaa pia mche ukinyauka juu wakati wa kiangazi. Kwa miaka kadhaa mtundu hujenga mzizi kwanza, na mara nyingi huchipua upya mvua zinaporudi.

Januari ya mwaka wa sita, mama mkubwa aliniita chini ya mikusu, mita kumi na tano ndani ya lililokuwa shamba la tumbaku. Uyoga wa njano ulikuwa umechipua. Uyoga ni tunda la kuvu. Ule wa kwenye vichuguu hulimwa na mchwa, hivyo hausemi lolote kuhusu mizizi. Huu wa njano huishi kwa mizizi ya miti hii. Mama mkubwa anaujua tangu utotoni, tukaula usiku ule, na msimu uliofuata nilisogeza mstari wa kupanda mita ishirini mbele.